Pedali ya korasi ichaguliwe kwa kusikilizwa ikiwa chini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nimjibu msomaji wa Sengerema aliyeandika hivi karibuni akilalamika kwamba magitaa ya kwaya na ya bendi zetu za Kanda ya Ziwa siku hizi yanalia kama yamezamishwa majini, akaitupia lawama pedali ya korasi, kile kisanduku cha kukanyagwa kwa mguu kinachobadilisha sauti ya gitaa, na kuwashauri wanakwaya waache kabisa kuinunua. Nimepiga gitaa la ridhim kwa miaka ishirini na mmoja, kwanza katika kwaya ya vijana hapa Kirumba na baadaye katika bendi inayopiga kwenye kumbi za harusi, na nakiri kwamba alichokisikia ni kweli. Dawa aliyoitoa ndiyo nisiyokubaliana nayo. Kosa hutendeka dukani, siku ya kununua, kwa sababu pedali hiyo huchaguliwa kwa kusikilizwa ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, wakati uzuri wake hujulikana inapokuwa imepunguzwa.

Jina lenyewe huwapoteza baadhi ya watu wa kanisani, kwa kuwa kwetu korasi ni kibwagizo, au ule wimbo mfupi wa sifa unaorudiwa. Katika pedali, maana iliyokusudiwa ni sauti za wengi. Akina mama kumi na wawili wa sauti ya kwanza wanapoimba noti ile ile, hakuna wawili wanaoianza katika nukta moja wala kuishika kwa mwinuko mmoja barabara. Huyu hutangulia kidogo mno, yule huchelewa, wa tatu hupanda kiasi cha unywele kisha hushuka. Sikio la msikilizaji haliwatenganishi, bali husikia upana. Pedali ya korasi huiga jambo hilo kwa gitaa moja. Huchukua sauti ya gitaa, huitengenezea nakala, huichelewesha nakala hiyo kwa takriban milisekunde 5 hadi 30, huufanya ucheleweshaji wenyewe uwe unarefuka na kufupika polepole bila kukoma, kisha huichanganya nakala na sauti halisi. Ucheleweshaji unapofupika nakala hupanda mwinuko, na unaporefuka nakala hushuka, kama honi ya basi inavyosikika kali basi linapokujia na nzito likishakupita. Ukiondoa sauti halisi ukabakiza nakala peke yake, unapata vibrato, ambayo ni kitu kingine chenye matumizi yake.

Historia yake si ndefu. Mwaka 1975 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa amplifaya iitwayo JC-120, yenye spika mbili za inchi 12, ambapo spika moja hutoa sauti kavu na nyingine hutoa ile nakala inayoyumba, zikachanganyika hewani kabla ya kumfikia msikilizaji. Mwaka uliofuata mtambo huo ulitolewa katika sanduku la kukanyagwa kwa mguu lililoitwa CE-1, chini ya jina la Boss, nalo lilikuwa kubwa na la kuchomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani. Mwaka 1979 ikaja CE-2, ndogo, ya betri ya volti 9, yenye vifundo viwili tu, na hapo ndipo korasi ilipoingia katika begi la mpiga gitaa wa kawaida. Ndani ya CE-2 mna kidude kiitwacho MN3007, ambacho kazi yake naweza kuifananisha na watu 1,024 waliojipanga foleni kutoka ufukweni hadi kwenye nyumba inayoungua, wakipokezana ndoo. Kila mmoja humpa jirani yake alichonacho, na muda ambao maji huchukua kufika mwisho wa foleni ndio ucheleweshaji. Ukiwahimiza wapokezane haraka, muda hupungua. Ukiwaacha wapokezane taratibu, muda huongezeka. Mbinu hiyo ilibuniwa mwaka 1969 na F. Sangster na K. Teer katika maabara ya Philips nchini Uholanzi, na hadi leo pedali tunazoziita za analogi hufanya kazi hivyo, ilhali za dijitali huihesabu sauti kwa namba. Sina ugomvi na upande wowote. Nimesikia za dijitali zilizo nzuri na za analogi zenye mvumo usiovumilika.

Sasa nije kwenye kiini cha lalamiko. Karibu kila pedali ya korasi ina kasi ya kuyumba, ambayo kwenye kifundo huandikwa Rate, na kina cha kuyumba huko, ambacho huandikwa Depth. Wanunuzi wengi huvidhania kuwa ni vitu viwili visivyohusiana, kumbe kiasi cha nakala kutoka tuni hutokana na vyote viwili kwa pamoja. Tuseme ucheleweshaji unayumba kwa milisekunde 2 kwenda kila upande, na wimbi la kuyumba huko linazunguka mara 1 kwa sekunde. Ukipiga hesabu utaona kwamba nakala hupanda na kushuka kwa karibu asilimia 1.3, ambayo ni kama sehemu moja ya tano ya nusu-toni. Kiasi hicho husikika wazi. Ukiongeza kasi hadi mara 2 kwa sekunde bila kugusa kina, kupanda na kushuka huko nako huwa mara mbili. Kwa hiyo anayeongeza kasi anapaswa kupunguza kina, na asiyelijua hilo huzungusha kimoja, akaona gitaa linayumba kama mlevi, akailaumu pedali.

Jambo hili ni zito zaidi katika muziki wetu kuliko katika nyimbo za taratibu za Ulaya ambazo wauzaji hupenda kupigia mfano. Chukua sebene, ile sehemu ya wimbo wa dansi ambapo magitaa huchanganya kwa kasi. Mpiga solo akipiga noti 8 kwa sekunde, na wimbi la pedali likawa la mzunguko 1 kwa sekunde, basi noti zote 8 zinaangukia sehemu tofauti za wimbi hilo moja, hivyo nakala ya noti ya kwanza imepanda kidogo, ya tatu iko sawa, ya tano imeshuka, na sikio linaloufuata mstari huo husikia kamba zilizokazwa ovyo. Katika wimbo wa polepole, noti moja inayoshikiliwa kwa sekunde tatu huyabeba mawimbi matatu kamili, na hapo ndipo utamu unapopatikana. Ndiyo maana pedali iliyokupendeza dukani ulipopiga noti nne ndefu inaweza kukuaibisha ukumbini wimbo unapochanganya.

Tena sisi watu wa mwambao wa Ziwa Victoria tuna urithi wa gitaa linalotegemea mguso wa kwanza wa kidole kwenye kamba. Hayati Daniel Owino Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz, alizaliwa upande wa Shirati huku mkoani Mara kabla ya kwenda kujijengea jina Kenya, na benga aliyoipiga yeye na wenzake husimama juu ya noti fupi, kavu, zinazokimbizana. Mguso ule ukifunikwa, benga imekufa. Gitaa la Kikongo nalo, ambalo wapigaji wetu wa dansi wamelifuata kwa miongo mingi, hung'aa kwa sababu kila noti ina mwanzo wake. Kwa hiyo ninapoijaribu pedali sisikilizi kwanza jinsi inavyoyumba. Nasikiliza kama mwanzo wa noti unabaki mkali kama ulivyokuwa kabla sijaikanyaga. Pedali inayoula mwanzo wa noti naiacha palepale, hata ikiwa na jina kubwa na muuzaji akinipunguzia bei.

Kwa wanakwaya liko jambo ambalo wachache hulifikiria. Waimbaji huchukua mwinuko wa sauti kutoka kwenye gitaa na kinanda. Miaka kadhaa iliyopita kamati ya kwaya yetu ilinunua pedali ya korasi iliyosikika kwa kishindo dukani, na Jumapili ya kwanza sauti ya tatu ikaanza kuimba chini ya noti, kitu ambacho haijawahi kufanya. Mwalimu aliwakemea, wakajitahidi, wakazidi kupotea. Nilipoizima pedali katika ubeti wa mwisho, kwaya ikarudi mahali pake. Wale vijana hawakuwa na kosa. Tulikuwa tumewapa fimbo ya kupimia inayorefuka na kufupika. Tangu siku hiyo naichukulia korasi ya kanisani kuwa kitu cha kutia kwa kiasi ambacho kusanyiko lisitambue kuwa kimetiwa, ila ukikiondoa, gitaa lionekane limekonda.

Hilo ndilo jaribio ninalowasihi wanunuzi walifanye. Nenda dukani na gitaa lako mwenyewe, kwa sababu gitaa la dukani lina kamba mpya na mwili mwingine. Omba amplifaya isiwe na mwangwi wowote. Weka kina chini kabisa, kasi chini kabisa, kisha washa na uzime pedali mara kumi huku ukipiga kile unachokipiga kila wiki, si kile unachokiota. Pedali nzuri itakupa tofauti ndogo iliyo tamu hata hapo chini. Mbaya haitakupa chochote mpaka uizungushe nusu, na ikifika nusu inaruka ghafla kwenye kuyumba. Sikiliza pia kama sauti inapungua nguvu ikiwashwa, au kama noti za chini zinakonda. Halafu zima kamba kwa kiganja, ongeza sauti ya amplifaya, na utege sikio: baadhi ya pedali hutoa mlio wa tik, tik unaofuata kasi ya wimbi, na mlio huo utausikia katika kila sala ya kimya utakaposahau kuizima pedali.

Kuhusu aina, nitasema machache kwa sababu msomaji ana haki ya kujua ninakosimamia. Small Clone ya Electro-Harmonix, ambayo wengi huifuata kwa sababu ilitumiwa na Kurt Cobain wa Nirvana, ina kifundo kimoja cha kasi na swichi ya kina yenye hatua mbili tu. Sauti yake ni nene na ina wapenzi wake, lakini kwa kazi ninayoielezea siishauri, kwa kuwa hatua ya kati na kati haipo. CE-2 ya zamani ina vifundo vyake viwili na huwa laini ikiwa chini, na mwaka 2016 Boss waliitoa upya ikiitwa CE-2W, wakaiongezea sauti za CE-1. Kwa mtu wa kwaya au wa bendi ya harusi, mimi huelekeza kwenye CH-1 ya Boss, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, si kwa sababu ni bora kupita zote bali kwa sababu ina vifundo vinne, na kimojawapo hupunguza kiasi cha nakala na kingine hurekebisha ukali wake. Uwezo wa kuipunguza nakala wakati sauti halisi inabaki palepale ndio unaoulinda ule mguso wa kwanza niliousema. Ziko pedali za bei ndogo kutoka kampuni nyingine zenye kifundo cha namna hiyo, nazo zikifaulu jaribio la chini, zichukuliwe bila aibu.

Besi ni suala jingine: noti zake nzito hazipendi kuyumbishwa, na anayetaka korasi kwenye besi atafute iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, inayoziacha noti za chini zipite kavu.

Wauzaji husifia sana matundu mawili ya kutolea sauti, yaani stirio. Kwa amplifaya mbili zilizotenganishwa jukwaani, stirio ni jambo zuri kwelikweli. Lakini kumbi nyingi za Mwanza ninazozijua, kutoka Igoma hadi Nyegezi, hupeleka kila kitu kwenye mikisa, yaani mashine ya kuchanganyia sauti, inayotoa sauti ileile moja kwa spika zote. Katika baadhi ya pedali, tundu la kwanza hutoa sauti halisi pamoja na nakala, na la pili hutoa sauti halisi pamoja na nakala iliyogeuzwa, vilima vyake vikawa mabonde. Ukiyachanganya matundu hayo mawili katika mfumo wa spika za namna hiyo, nakala hizo mbili hufutana, na linalobaki ni gitaa kavu kana kwamba pedali haipo. Usiku mmoja nilibadilisha waya tatu na betri mbili katikati ya harusi nikidhani pedali imekufa, kabla fundi mitambo hajauchomoa waya mmoja na korasi kurudi yenyewe. Mtu asilipe zaidi kwa ajili ya tundu ambalo hatalitumia.

Umeme umeua pedali nyingi kuliko matumizi. Pedali nyingi za aina hii huhitaji volti 9 za mkondo mnyoofu (DC), hasi ikiwa katikati ya kichomeo. Adapta ya kinanda chetu ilikuwa ya volti 12 na chanya ndiyo iliyokuwa katikati, kichomeo chake kikaingia katika pedali bila shida yoyote, na mimi ndiye niliyekichomeka. Harufu ya kuungua haikuchukua hata dakika. Soma alama iliyochorwa pembeni mwa tundu na ile iliyo kwenye adapta, zilingane, ndipo uchomeke. Kwa wenzetu wa Ukerewe na visiwa vingine wanaopiga kwa sola au jenereta, betri ya volti 9 bado ni rafiki kwa pedali za analogi, ambazo hula umeme kidogo. Za dijitali huimaliza mapema. Pia mkumbuke kuuchomoa waya wa gitaa mkimaliza, kwa kuwa katika pedali nyingi waya huo ndio unaoiwasha betri, na ukiuacha usiku kucha asubuhi utakuta betri imekwisha.

Anayenunua iliyotumika kutoka Japani aangalie mambo mawili. CE-1 iliyouzwa Japani ilitengenezwa kwa umeme wa volti 100 wa huko, na ukiichomeka kwenye volti 230 zetu bila transfoma umeipoteza. Pedali ndogo za Boss za miaka ile nazo zilitengenezwa kwa adapta ya zamani iliyotoa volti zaidi ya 9, kwa hiyo ukizipa adapta ya kisasa taa yake huwaka hafifu. Hali hiyo peke yake haimaanishi kuwa ni mbovu, ijaribu kwa betri kwanza. Vifundo vinavyokwaruza na matundu yenye kutu ni kawaida kwa vitu vilivyokaa karibu na ziwa, na fundi mwenye dawa ya kusafishia hulimaliza jambo hilo kwa muda mfupi. Kile kidude cha ndoo, MN3007, kikifa, hata hivyo, kukipata ni kazi.

Mpangilio nao una sehemu katika lile lalamiko. Korasi ikae baada ya pedali ya kukwaruza sauti, na kabla ya mwangwi. Ikitangulizwa, kinachokwaruzwa ni sauti mbili zilizokwisha kupishana, na matokeo yake ni uji. Vilevile magitaa mawili katika bendi moja yasiwashe korasi kwa wakati mmoja. Katika bendi yetu tumekubaliana kwamba ridhim huwa na korasi katika beti, na sebene ikiingia mimi naizima ili mpiga solo asikike. Hatukuandikishana, tulirekodi mazoezi kwa simu, tukasikiliza pamoja, tukaona wenyewe.

Msomaji wa Sengerema nampa mwaliko wa dhati. Daraja la Kigongo–Busisi limekwisha kufunguliwa na habari ya kusubiri kivuko haipo tena, basi Jumamosi yoyote jioni avuke na gitaa la kwaya yao, aje kwenye mazoezi yetu hapa Kirumba. Nitaiweka pedali chini kabisa, nitapiga wimbo atakaouchagua yeye, na nitaiwasha na kuizima bila kumwambia. Akinyoosha mkono kila ninapoiwasha na kusema gitaa limeingia majini, nitaandika barua nyingine kwako kuungana naye.

Wako,
Mpiga gitaa la ridhim,
Kirumba, Mwanza.